Tulivyofichana

Mahachai, 2 Machi 2011

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, nimenenepa mpaka wenzangu kiwandani wananicheka. Bado namenya kamba wa baharini, vidole vimefa ganzi kwa barafu. Nimepewa siku kumi za sikukuu ya maji ya mwaka mpya, navuka mpaka nakuja nyumbani! Lakini jirani yetu Nai Ong alipita hapa, anasema unakohoa tangu mavuno. Niambie kweli. Kama ni kifua, nitasubiri kwanza upone. Usiniulize kwa nini.

Mwanao,
Kon Chan

Mudon, 14 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Magoti ni yale yale ya uzee. Huyo Nai Ong mdomo wake hauna mlango! Ni moshi wa kuni tu, nani hapa hakohoi? Miaka minne sijakutia machoni. Embe mbichi za kulia wali wa sikukuu nimeshaziagiza. Njoo, tutalala chandarua kimoja kama zamani.

Mama yako

Mahachai, 9 Juni

Mama,

Shikamoo. Waonaje hali? Nilirudi salama, lakini tangu mwezi uliopita homa hainiachi, na nimekonda. Hospitali nesi aliniuliza, "Kwenu kuna anayekohoa?"

Nikamwambia, "Mama, miezi minane sasa, lakini ni moshi."

"Moshi gani wa miezi minane, dada?"

Mama, nakuomba sana, nenda kapime makohozi.

Kon Chan wako

Mudon, 1 Julai

Kon Chan, mwanangu,

Homa imeshuka? Sijui nianzie wapi. Ni kifua kikuu. Nilishuku tangu Januari, nilipotema damu. Niliogopa ukijua hutakuja. Nimepewa vidonge vya miezi sita. Daktari kasema kijana mwenye afya mara nyingi haugui hata akiambukizwa. Nimeshika hilo neno. Niandikie kwamba ni kweli.

Mama yako

Mahachai, 20 Julai

Mama,

Shikamoo. Anayeandika ni Mi Ngae, mwenzangu wa chumbani. Mimi natamka tu. Hiyo afya sina, Mama. Nina Virusi vya UKIMWI. Dawa nilianza mwaka jana, ndizo zilizoninenepesha. Kabla sijaja nyumbani, nesi alinionya, "Dawa hizi zinakuinua, lakini kifua kikuu bado kinakuvizia kuliko wengine." Akataka kuniongezea vidonge vya kukinga. Nikamjibu, "Nimeze vingapi? Kwetu hakuna mgonjwa." Barua yako ya moshi wa kuni ilikuwa mfukoni mwangu.

Wanasema kifua kikuu nami ninacho, kimeshafika kwenye ubongo. Usijilaumu. Ningekwambia langu, nawe ungeniambia lako. Meza dawa zako zote.

Mwanao,
Kon Chan

Mudon, 3 Januari 2012

Mwanangu,

Sikuulizi hali. Begi lako Mi Ngae amelileta mwenyewe, akakaa nami siku mbili, akanieleza yote mpaka mwisho. Nguo zako nimezifua, nimezianika, sasa sijui nizipeleke wapi.

Jana nilimaliza vidonge. Daktari alifurahi kweli. "Mama, makohozi ni safi. Umepona! Nenda kawaambie watoto."

Nikamwambia ninaye mmoja, yuko mbali, nitamwandikia.

Mama yako