Gari la Kutembelea Tu

Mjukuu wangu Felista,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wazima, na ulezi umeiva. Unauliza kama ni upuuzi kujifundisha kutengeneza gari kuukuu la kutembelea tu.

Enzi za Mwingereza, mimi na babu yako tulinunua gari bovu kule Matai. Tulifungua injini wenyewe, tukasafisha kabureta, tukabadilisha plagi. Lilipowaka tukazunguka mjini tukicheka. Bwana shauri, mkubwa wa boma, akatusimamisha.

"Mmebeba nini?"

"Hatujabeba kitu, bwana. Tunatembea."

Akatunyang'anya gari. Tungebeba mahindi, angetuacha. Kilichomuudhi ni furaha yetu, na hasira yangu haijapoa hadi leo.

Litengeneze, mama. Likiwaka, piga honi mpaka majirani walalamike.

Bibi yako