Majivu ya Jiko Lako

Dada Mwanakombo,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu tulipokusomea hitima ya arubaini sijakuandikia, kwa kuwa habari za shamba lako hapa Jomvu Kuu zilikuwa za aibu, nami sikutaka kukusumbua nazo.

Mihogo yako iligoma. Majani ya chini yalianza kuwa ya manjano pembezoni, kisha yakakauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Tulipong'oa, tukapata mizizi myembamba kama vidole. Mdogo wetu Salim aliinua mmoja, akacheka: "Muhogo huu, au kamba ya mbuzi? Ardhi imemfuata mwenyewe. Tujenge vyumba vya kupangisha."

Bintiyo Zuhura akamjibu, "Mjomba, ardhi haijafa. Ina njaa."

Alikuwa ameona kwamba mihogo iliyo karibu na jiko lako la zamani ilikuwa imenona. Wewe ulikuwa ukipikia makumbi ya nazi, na kila asubuhi ukimwaga majivu mashinani. Ulipoondoka tukaleta jiko la gesi, tukajiona tumestaarabika. Afisa wa kilimo alimweleza Zuhura kuwa mchanga wetu umepungukiwa na potasiamu. Bila hiyo, jani hutengeneza chakula likashindwa kukiteremsha mzizini. Kumbe majivu yako ndiyo yaliyokuwa yakiilisha mihogo.

Zuhura akakusanya makumbi kwa wafua nazi, akayachoma, akatandaza majivu shamba zima. Watoto wa mtaa wakamwita Bi Majivu. Naye akiwaitikia, "Abee!" Hata majani yaliyopukutika aliyaacha ardhini yaoze, nami, unayenijua kwa ufagio, nikauegemeza ukutani.

Juzi aling'oa shina la kwanza. Muhogo ulikuwa mnene kuliko muundi wa mguu wangu. Tukaupika kwa tui, ukapasuka sufuriani, unga mtupu. Salim alikula, akasogeza sahani aongezwe. Unanijua, Dada, mimi sisifu ovyo. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Huyu ni mwana wa Mwanakombo."

Hata hivyo, Salim hajaondoa neno lake la vyumba. Ijumaa baada ya swala ukoo utakaa, na mimi ndimi nitakayesema neno la mwisho. Zuhura hasubiri; tangu asubuhi anachoma makumbi, na moshi unaingia chumbani mwangu. Dirisha sijalifunga.

Pumzika, Dada. Mola akupanulie kaburi lako. Shauri likishakatwa, wewe ndiwe wa kwanza nitakayemwandikia.

Kakako