Damu ya Mlangoni

Vumilia,

Uji wa Bibi uko kwenye chupa. Damu iliyoko mlangoni imwagie maji kabla watoto hawajarudi kutoka kisimani. Ni ya yule kijana Januari.

Amekuja asubuhi hii, akaketi kwenye mkeka wa msiba, akanywa chai yetu na kulia kutushinda, yeye aliyemuuzia kaka yako Maduhu vile vidonge vya tramadoli ili asichoke kule chini duarani, kwenye shimo la mgodi. Nikamuuliza alimpa vingapi. Akanijibu, “Mama, kila mchimbaji anameza.” Nikachukua mchi. Mkono wake nimeuvunja pale mlangoni mpaka damu ikatoka, na kama baba yako mdogo asingenikamata ningempasua kichwa.

Naenda kituoni mwenyewe, sitaki polisi waingie kwenye msiba. ~~Mwombeeni Januari apone.~~ Msimwombee. Mchi nimeuosha, twangieni mahindi ya wageni.

Na redio iwashwe. Juzi Maduhu alipotoka duarani akalala, tuliizima, tukanyata humu ndani mpaka jioni, maana mchimbaji aliyetoka zamu ya usiku haamshwi. Kumbe tulikuwa tunamnyamazia maiti. Kuanzia leo, anayelala mchana kwenye nyumba hii aamshwe, hata kwa kofi.

Mama yenu