Lumbesa na Mgongo wa Baba Neema

Jumanne jioni, Kibirizi. Mawingu yametanda, dagaa hawajakauka, na mimi nina hasira tangu asubuhi.

Mume wangu, Baba Neema, amelala kifudifudi mkekani. Jana alikuwa anapandisha gunia la dagaa kwenye lori, akafika katikati ya ubao, mgongo ukakataa. Leo hata kuinama avae ndala hawezi, nimemvalisha mimi. Mwanaume mzima! Aliangalia pembeni nisione machozi.

Mimi hushona magunia hapa sokoni, kwa hiyo lumbesa naijua vizuri. Gunia linajazwa, linashindiliwa kwa miguu, likishajaa linaongezewa kipande cha wavu juu, linajazwa tena. Ndipo naitwa na sindano yangu. Hakuna mizani, na gunia lenyewe halina hata pa kushika. Wanaume wawili wanahema kuliinua, wanamtwisha mmoja shingoni, na huyo mmoja apande nalo peke yake. Jamani, hii ni akili gani?

Na ole wake atakayesema tubebe wawili. Wenzake watamcheka, ataitwa mlaini, na kesho yake hapewi kazi.

Marufuku ya lumbesa tunaisikia sana. Redioni.

Asubuhi nilikwenda kumweleza tajiri mwenye mzigo. Akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye", kwa sauti tamu, akanisikiliza huku anachezea simu. Halafu: "Pole sana, mama. Mwambie apumzike. Wachukuzi wapo wengi."

Wapo wengi! Utadhani nimempelekea habari za ndoo iliyotoboka. Niligeuka nikaondoka. Majibu yote yamenijia njiani, ndivyo nilivyo.

Kinachoniuma zaidi ni huyu wa mkekani. Zahanati wamemwambia akibeba mizigo sasa hivi, huenda asitembee sawasawa tena. Yeye anasema Alhamisi anarudi, atajifunga kanga kiunoni, itamkaza. Nimemfokea mpaka jirani akachungulia. Kanga!

Jioni hii nimepita kwa washonaji wenzangu. Hakuna hata mmoja asiye na mume au kaka kwenye ule ubao. Hatukubishana sana.

Kesho tutakwenda na sindano zetu kama kawaida. Gunia likijaa hadi mdomoni, tunashona, basi. Anayetaka kuongeza juu ashone mwenyewe. Halafu atwishwe shingoni, apande nalo ubao, na sisi tutasimama pale chini tumwangalie.