Jibini Yangu Kwenye Sinia la Mwanangu

Mama Tulinagwe, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana nimefanya jambo ambalo nikilikumbuka nacheka, kisha nashika kichwa.

Mimi ni Msukuma, tulihamia huku bonde la Momba na ng'ombe wetu mwaka tisini na nne, na jibini natengeneza tangu zamani, nilifundishwa na sista mmoja wa misheni niliyekuwa nampelekea maziwa, nachemsha, nakamulia ndimu, nachuja kwa kitambaa, nakandamiza kwa jiwe mpaka kesho yake. Binti yangu Blessing anafanya kazi Tunduma mjini, amechumbiwa na Jastin, kijana wa Kinamwanga, na juzi mama mkwe wake na mashangazi walikuwa wanamtembelea kwa mara ya kwanza, basi akaniita nimsaidie, nikapanda gari na jibini zangu tatu kwenye kikapu, nafika tu akaniambia, "Mama, hiyo ya kwako usiitoe, inanuka zizi. Hawa wana ndugu Lusaka, wamezoea vitu vya dukani." Alikuwa amevuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kununua jibini ya njano, na ukutani kabandika picha ya sinia lililopangwa, akasema nipange vilevile, yeye akaenda saluni.

Iliniuma, mama. Ile ya dukani nikaificha kwenye ndoo ya unga, ya kwangu nikaipaka manjano, nikaikata nyingine pembe tatu nyingine vipande vya mraba, nikaizungusha kwenye sinia kama ua, katikati karanga za kukaanga, pembeni papai, matango na nyanya ndogo, chini majani ya giligilani, na nilipomaliza nilisimama nikaliangalia kama mtu anayeangalia mtoto wake mchanga.

Wageni wakaja. Mama Jastin akaonja, akafumba macho, akasema, "Chawama!" ndivyo wanavyosifu kitu kizuri kwa Kibemba. Mashangazi wakagombea kipande cha mwisho, vigelegele vikapigwa, Blessing akawaambia kainunua dukani Nakonde, naye mwenyewe akala vinne akaninong'oneza, "Umeona, mama? Hii ndiyo jibini." Nilikimbilia jikoni kucheka. Lakini wakati wa kuaga Mama Jastin akasema, "Mkwe wangu, mwisho wa mwezi tuvuke wote ukanionyeshe hilo duka, tununue ya harusi," na Blessing akakubali. Wakifika wakaonja, mwanangu ataonekana mwongo ukweni hata kabla hajaolewa. Nikisema namwaibisha, nikinyamaza namwaibisha. Nifanyeje?

Kabula, Kamsamba

*

Kabula, marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, wenzangu wakaacha kazi. Hongera kwa mikono yako. Sasa tega sikio, maana pongezi zimeishia hapo.

Binti yako alikosea. Zizi analolionea haya ndilo lililomsomesha. Lakini ungemwambia, "Mwanangu, umeniumiza." Una mdomo, wewe ukatumia manjano! Ukamfanya awalishe wakwe kitu asichokijua, na raha yake ukaenda kuila jikoni peke yako. Mzazi hamtegi mwanawe mbele ya wageni, hata mtego uwe mtamu namna gani.

Usingoje mwisho wa mwezi. Usimtumie meseji, wala usimtume mtu. Panda gari, nenda Tunduma, mkae wawili, uanze na kosa lako kabla hujagusa la kwake. Atanuna. Mwache anune, mpikie chai. Akitulia, nendeni pamoja kwa Mama Jastin, na msemaji uwe wewe: "Jibini ile niliitengeneza mimi, binti yangu hakujua." Unaogopa atakasirika? Ukoo uliogombea kipande cha mwisho utakasirikia nini! Atacheka, kisha atakuuliza unaweza kutengeneza ngapi.

Hapo usijidai. Kubali kiasi unachokiweza. Jibini ya ndimu haivumilii joto la huko kwenu, kwa hiyo itengeneze siku mbili kabla ya harusi, uitunze kwenye friji ya Blessing, na iende mezani nyeupe kama ilivyo. Naye Blessing umpe kitambaa na ndimu, achuje mwenyewe mpaka aweze, ili siku wakwe wakiomba tena, asivuke mpaka kutafuta kitu ambacho mama yake anacho.