Jogoo wa Kupanda Kilimani

Jumanne, 14 Aprili 1964

Maji yameingia kinu cha posho. Mashine imezama nusu. Kamati ya Mafuriko imekutana kanisani kwa sababu ofisi yake imefurika. Hilo peke yake lingetosha wote wajiuzulu!

Gordon, binamu yangu, ndiye mwenyekiti. Anasema ziwa litarudi lenyewe. Nikamwuliza limemwambia lini. Watu wakacheka. Akajibu: Bwana Zadock, kaandike gazetini.

Nitaandika. Wazee wetu walihama hapa wakati wa vita vile vya kwanza, vijana wao wakiwa mbali wanabeba mizigo ya Waingereza. Ziwa likashuka, wakarudi. Wakajenga palepale, tena karibu zaidi, maana maji yaliacha udongo mzuri. Sisi tuliosoma tukaongeza soko, shule na kinu. Leo tunapiga kelele kwamba maji yametuvamia. Nani alimvamia nani?

Ijumaa, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Benta, mjane wa kaka yangu Ochieng. Boma lake liko bondeni, kati ya mto na ziwa. Maji yamefika ghalani. Kaburi la Ochieng limefunikwa, umebaki msalaba tu.

Nilikuwa na habari njema. Ukoo umekubali kumpa kiwanja kilimani. Wakoli, fundi wa kule Manyatta, yuko tayari kumjengea. Nikamwambia afunge mizigo, yeye na mabinti wake wawili.

Hakusogea. Akauliza: "Nani atatangulia?"

Nilijua anachotaka. Kwetu mwanamke haanzishi boma peke yake. Mumewe hutangulia alfajiri na jogoo, shoka na moto. Mume akiwa amekufa, ndugu yake hushika nafasi. Ochieng hana ndugu aliyebaki ila mimi.

Na mimi nimepiga vita mambo haya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi! Gazetini, kanisani, kwenye kumbi za Kisumu. Nimesema mwanamke ana miguu yake mwenyewe. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Siombi unirithi, yuora," akasema. Akikasirika haniiti shemeji, huniita kwa Kijaluo. "Naomba ubebe jogoo. Nikipanda peke yangu, nitakuwa mgeni pale. Siku ukoo ukibadili nia ukanifukuza, nani atasema mlinihamisha ninyi?"

Nikasema mlango wa nyumba haufunguliwi na jogoo.

"Basi fungua ule wa gazeti, tulale humo."

Mabinti wakacheka. Yule mdogo, Anyango, alikuwa amesimama ndani ya maji huku akicheka.

Jumapili, 19 Aprili

Mchungaji amehubiri kwamba mafuriko ni adhabu ya dhambi zetu. Nimemngoja mlangoni. Nikamwuliza mbona wenye dhambi kubwa wote wana nyumba kilimani. Akasema ataniombea. Wananiombea sana hapa.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Mvua tena.

Makala yangu kuhusu mafuriko na mila imetoka gazetini. Nzuri! Wamekata aya yote ambamo niliilaumu serikali kwa kutochimba mifereji. Ile ya mila kuwazuia watu kuhama wameiacha nzima, hata nukta hawakugusa.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimejaribu njia nyingine. Nimemfuata Gordon hotelini, nikamwomba yeye amtangulie Benta. Yeye ni binamu, damu ni moja.

Aliweka kikombe chini polepole. "Mimi? Ndugu wa marehemu yupo hai, anakunywa chai mbele yangu, halafu mimi ndiye nibebe jogoo wake? Unataka kesho waseme Zadock amekufa?"

Nikasema ni upuuzi mtupu.

"Kama ni upuuzi, si ungeumaliza kabla chai haijapoa?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Mmoja kule nyuma akasema: huyu mzee anajua Napoleon alilala wapi kila usiku, lakini shemeji yake atalala wapi hajui.

Nimelipia chai ya Gordon pia, nikatoka. Mimi!

Alhamisi, 30 Aprili

Jiko la Benta limeanguka. Ukuta umelala juu ya sufuria zake. Selpha, binti mkubwa, alimvuta Anyango kwa mkono. Sekunde chache tu zaidi, tungekuwa tunazika—na tungezika wapi? Majirani wote wameshapanda, waume mbele, wake nyuma. Wamebaki wao watatu. Vitanda wameviinua kwa matofali. Jana kiboko alilala uani.

Saa tano hivi Landrover ikafika kutoka Kisumu. Afisa kijana, suti nzuri, viatu ndani ya mfuko wa karatasi. Ameleta mablanketi. Mablanketi kwa watu waliolowa! Nikamwuliza mifereji iko wapi. Nikamwuliza kwa nini hakuna mashua hata moja ya serikali.

Akaniambia kwa upole kwamba serikali haiwezi kumhamisha mtu aliyefungwa na mila. Akatoa gazeti. "Hata mwandishi wenu wa hapa hapa amesema. Someni wenyewe." Akanisomea sentensi. Akaisoma vizuri, kwa sauti ya redio.

Sentensi yangu.

Gordon alikuwa kando yangu. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Afisa akapiga picha ya boma la Benta, akavaa viatu, akaondoka.

Nimekaa na hasira mchana kutwa na sijui niitupe wapi. Serikali haikuchimba mifereji, na sasa ina sababu, nayo ina jina langu chini yake. Wenye hati za ardhi wanalindwa na karatasi. Benta hana karatasi. Alichotaka ni watu wamwone akipelekwa. Hilo alinieleza wazi, uani kwake, nami nikamjibu kwa hotuba.

Jumapili, 3 Mei

Nimenunua jogoo kwa Mama Elsie sokoni. Mwekundu, mkali. Mama Elsie akamshika miguu, akanitazama: "Wa mchuzi ama wa kazi?"

Nikasema wa mchuzi.

"Haya, Mzee. Mchuzi mwema."

Soko zima lilijua kabla sijavuka barabara. Sasa amefungwa kwenye mguu wa meza yangu. Amechafua magazeti yote. Mhakiki wa kweli!

Jumatatu, 4 Mei

Alfajiri. Naandika kwa penseli kwenye ngazi za kinu. Njia ya kwa Benta imekatika usiku, hakuna pa kupita ila kwa mtumbwi. Jogoo yuko kwapani. Moto uko ndani ya chungu, nimeufunika kwa kofia yangu. Shoka liko chini ya koti. Wakoli ameshapanda kilimani na nguzo, anatungoja.

Manyunyu. Nikifunua chungu nione, moto utalowa. Nisipofunua, sijui kama bado upo.

Ng'ambo naona bati la Benta na watu watatu juu ya vitanda vilivyorundikwa mlangoni. Sijui kama wananiona. Maji yamefika dirishani.

Watu wamejaa nyuma yangu. Ningependa wacheke.

Mtumbwi huu hapa, Gordon ndiye anayepiga kasia. Anapaza sauti kabla hajafika, wote wanasikia:

"Toa shoka nje ya koti, Zadock! Ukilificha, halihesabiwi!"