Tulisema Mama ni Mzima

Port Louis, Morisi
Jumapili mchana

Dada yangu Salome,

Shikamoo. Natumaini karatasi hizi zitakukuta hapo Utemini ukiwa na nguvu, wewe na Shemeji Mathayo, na cherehani bado inaimba. Baba anaendeleaje tangu umlete kwako? Mgongo umemwachia? Na kule Sepuka alizeti zimevunwa, au ndege wamewatangulia? Mimi ni mzima.

Naandika kwa mkono kwa sababu kila nikipiga simu unaweka spika ili Baba asikie, na yapo mambo ambayo hayafai kumfikia Baba kwa njia ya spika. Barua hii nampa Mtanzania mmoja, fundi wa majokofu ya meli, anayerudi Dodoma kesho. Amesema atampa kondakta wa basi la Singida, naye atakupigia. Isome peke yako kwanza.

Wiki mbili zilizopita uliniuliza jambo kwenye simu nikakwambia tutaongea. Ulisema kampuni ya mafuta ya alizeti imemzawadia Shemeji, kwa kuwa wakala wake mzuri, matembezi ya meli ya watu wawili, siku saba baharini kutokea Durban. Ukasema waliowapa tiketi wanawashauri mkate bima ya safari, na Shemeji anasema bima ni wizi wa watu waliovaa tai. Ukauliza: tukate au tusikate?

Kateni. Ila kukata bima vibaya ni sawa na kutokata, na ushahidi wangu umelala kitanda cha tatu kutoka mlangoni, wodi ya wanawake, umefunikwa blanketi la bluu.

Nianze na yale ambayo sikuyasema kwa simu. Nilikwambia Mama alipata kizunguzungu melini, tukashushwa hapa kisiwani apumzike. Hakikuwa kizunguzungu. Kilikuwa kiharusi, siku ya nne ya safari, asubuhi, wakati wa chai. Upande wa kulia haufanyi kazi. Alhamisi iliyopita kikampiga cha pili. Nilikwambia Ijumaa kwamba anaendelea vizuri. Hilo nalifuta.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa nzuri, na ni haki uzijue. Gazeti langu la Durban lilipewa nafasi mbili na wenye meli ili niandike makala, nikaona nafasi ya pili ni ya Mama. Unakumbuka alivyofungasha: unga wa uwele kilo mbili na mlenda mkavu kwenye mfuko wa rambo. Uwanja wa ndege wa Durban wakautoa mlenda, afisa akaunusa, Mama akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Mwanangu, hiyo ni mboga. Bangi haivutiki ikiwa hivyo." Wakaubakiza. Unga wakaubakiza pia. Melini alisimama kwenye reli siku nzima ya kwanza akitazama maji, kisha akaniuliza, "Eneo lote hili, na hakuna aliyelima?" Alimsalimia kila mtu kwenye korido, akisubiri ajibiwe. Siku ya tatu wafagiaji wa ghorofa yetu, watu wa nchi za mbali kabisa, walikuwa wanamjibu "Njema, Mama."

Sasa sikiliza kuhusu ile fomu. Ulikuwepo.

Mama alikuwa kwako Utemini, amekuja kupiga picha ya pasipoti. Mimi nilikuwa Durban, fomu ya bima iko mbele yangu kwenye kompyuta. Wewe ulishika simu. Nikasoma maswali, nikafika kwenye swali la afya. Nikasema, "Mama, una ugonjwa wowote unaotumia dawa?" Akajibu, "Ah, mimi mzima, mwanangu. Namshukuru Mungu." Nikaandika: hana. Nikaendelea na swali la jina la ndugu wa karibu.

Mimi ni mwandishi wa habari mwaka wa ishirini na mbili huu. Nimewahoji mabaharia waliookolewa na wenye meli zilizozama, na kazi yangu yote ni swali la pili. Najua kwetu mtu anajibuje. Mtu anaingia kwako na msiba, unamwuliza za huko, anasema njema. Unamkaribisha kiti, anasema njema. Akishakunywa maji ndipo anasema, "Njema, ila baba mdogo ametutoka usiku." Habari zetu zote ziko baada ya hiyo ila. Mama alijibu salamu, mimi nikaiandika kama jibu. Sikumpa maji.

Na wewe ulijua vidonge vya presha vilikuwa kabatini. Sikulaumu. Ungemkatizaje Mama mbele ya mwanaye? Uliniambia baadaye kwamba alivikataa hata ulipovitia kwenye begi, akisema, "Ukifungasha dawa umefungasha na ugonjwa." Akaviacha Utemini. Zaidi ya siku nne bila kidonge, na chumvi yote ile ya chakula cha meli.

Alipoanguka, daktari wa meli aliniuliza anatumia dawa gani. Mama hakuweza kusema. Nikakupigia, mawasiliano yakakatika mara mbili, ya tatu ukasema, "Ana za presha, tangu mwaka juzi." Nikamtafsiria daktari neno kwa neno, kwa sababu alihitaji ukweli ili amtibu. Akaandika kwenye faili. Faili lilipofika kwa watu wa bima, waliusoma mstari huo.

Mama mmoja wa bima alinipigia, sauti ya upole, nadhani ana wazazi pia.

"Fomu iliuliza kuhusu dawa," akasema.

"Iliuliza."

"Swali lilieleweka?"

"Lilieleweka."

"Na nani alijibu?"

"Mimi."

Akasema kama tungeitaja presha tungelipa nyongeza, kiasi tu, na leo wangekuwa wanalipa kila kitu. Nikamwuliza kama kuna rufaa. Akasema ipo, nikaiandika, ikarudi na jibu lile lile likiwa na mhuri. Siwezi kusema wamekosea. Nimeusoma mkataba wao mara tano nikitafuta kosa, kama ninavyosoma nyaraka za watu ninaowachunguza. Hakuna.

Kwa hiyo hivi ndivyo mtakavyofanya, wewe na Shemeji.

Msisubiri wiki ya safari. Bima ikatwe mara tiketi inapotoka, kwa maana inaanza kuwalinda siku hiyo hiyo: Shemeji akivunjika mguu mnadani kabla ya kusafiri, tiketi haiwi hasara. Msichukue ya kwanza mtakayopewa na wenye meli kwa sababu iko karibu. Ulizeni na kampuni mbili za huko nyumbani, hata kama ni kwenda Dodoma, mlinganishe. Na mtamke wazi kwamba ni safari ya meli. Bima nyingi za safari ni za ndege na hoteli, na meli ni kipengele cha pekee kinachoongezwa. Mkinyamaza, hakipo. Wapeni orodha ya nchi zote ambazo meli itatia nanga, hata zile mtakazoshuka kwa saa mbili tu kununua shanga.

Kadi ya bima ya afya ya nyumbani iacheni kabatini, haivuki mpaka. Na zahanati ya melini msidhani ni huduma ya bure kwa abiria. Kila sindano inaandikwa na kulipwa kabla hujashuka. Mimi nililipa kwa kadi yangu huku Mama amelala kwenye machela, na sikuletewa nyaraka mpaka niliposaini. Kiasi sikiandiki hapa, hilo ni langu.

Kitu kikubwa cha kutazama ni kumhamisha mgonjwa: kumtoa melini, kumpeleka hospitali, na kumrudisha nyumbani. Someni kama maneno hayo yapo, na kikomo chake. Mtazame pia kama wanarudisha mwili. Najua ni neno zito. Lisomeni hivyo hivyo. Na tazameni meli ikiwaacha itakuwaje, kwa sababu meli haisubiri mtu. Yetu iliondoka hapa saa kumi na moja jioni kama ratiba ilivyosema. Mizigo yetu ilikuwa imewekwa gatini kwenye toroli, unga wa uwele juu kabisa.

Namba ya dharura ya bima iandikeni kwenye karatasi, msiitegemee simu. Mkipatwa, wapigieni kabla ya kukubali matibabu makubwa, mkiweza. Kila risiti ihifadhiwe.

Halafu swali la afya. Shemeji Mathayo ana sukari. Najua, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia. Tukiwa wenyewe nyumbani anakunywa chai bila sukari. Wakija wageni anatia vijiko vitatu, anakoroga, na kikombe kinabaki kimejaa. Nilikiona Krismasi ya mwaka juzi, na ile ya kabla yake. Mbele ya karani wa bima atasema yeye ni mzima, tena atacheka. Usimsaidie kucheka. Mpeleke kwa daktari, aandikiwe barua ya ugonjwa na dawa, fomu ijazwe kwa barua hiyo, nyongeza ilipwe. Dawa aende nazo kwenye begi la mkononi. Akikataa kusema, msipande meli. Rudisheni tiketi, kampuni impe pikipiki.

Sasa Mama.

Nilitaka kumleta kwa ndege. Wenye ndege wanachukua mgonjwa wa kulala ikiwa kuna muuguzi na barua ya daktari. Muuguzi nilimpata. Daktari hakutoa barua. Jana alinikalisha kwenye benchi la nje, akasema hatafika angani akiwa hai, na yeye hawezi kusaini hilo. Nikamwuliza ni siku ngapi. Akasema anahesabu kwa siku, hahesabu kwa wiki. Ninaamini anasema kweli. Sina swali la pili kwa mtu huyo.

Kwa hiyo, Dada, mambo mawili. Mwambie Baba. Usimwambie anaendelea vizuri. Kisha mwulize kuhusu sehemu ile pembeni ya kaburi la bibi, aliyoizungushia mawe ili Mama na yeye walale pamoja. Kuurudisha mwili ni kazi ambayo bima ingeifanya na sasa haitaifanya. Nimeuliza makaburi ya hapa. Yapo, ni safi, yanatazama milima. Siwezi kuamua bila Baba, na siwezi kumwahidi Baba kitu ambacho sina. Akikasirika, mwambie fomu niliijaza mimi.

Huku nakaa naye mchana kutwa. Muuguzi wa zamu ya asubuhi nimemfundisha salamu, kwa hiyo kila siku anaingia na kusema, "Habari za asubuhi, Mama?" Mama anajibu kwa upande mmoja wa mdomo, "Njema." Muuguzi anaandika kwenye chati kwamba mgonjwa amejibu.

Leo muuguzi alipoondoka nilimwinua kidogo, nikampa maji kwa kijiko. Yalimchukua muda. Nikamwuliza habari. Akasema njema. Nikampa kijiko kingine, nikamwuliza tena. Akasema njema, ninamshukuru Mungu. Nikamfuta mdomo, nikavuta kiti karibu, nikamwuliza mara ya tatu, kwa Kinyaturu. Alitazama dirishani muda mrefu. Kisha akasema, kwa lugha hiyo hiyo, anaumwa sana, anaogopa, na anataka kwenda nyumbani.

Lilikuwa swali langu la fomu, Dada. Jibu lilikuwepo siku zote.

Mpe Baba shikamoo yangu, umshike mkono unapompa. Msalimie Shemeji, na umpe maji kabla ya kumwuliza. Msalimie mama wa kwaya aliyemshonea Mama gauni la safari. Mwambie alilivaa siku mbili, na wafagiaji wa meli walilisifu. Na jirani yetu wa Sepuka anayetulindia mbuzi, mwambie Mama alimwulizia yule jike mwenye pembe moja kama amezaa. Nilimjibu amezaa mapacha. Sijui kama ni kweli. Tafadhali ulizia.

Huko juu nimeandika kwamba mimi ni mzima. Ulikuwa umeuliza mara ya kwanza tu.

Mdogo wako,
Amosi